Lipa Kwanza, Akili Baadaye

Dola 220. Hiyo ndiyo ada ya mtihani wa GRE katika sehemu kubwa ya dunia, mtihani ambao vyuo vikuu vya Marekani vimeutumia kwa miongo mingi kumchuja anayeomba kusoma shahada ya uzamili au uzamivu. Ada ni ileile kwa mtoto wa daktari wa Boston na kwa mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Wenye mtihani wanaliita jambo hili usawa. Mimi naliita dhuluma, na nitalieleza kwa hesabu, maana hesabu ndiyo wanayodai kuipenda.

Dola moja tuihesabu kwa shilingi 2,500 tu. GRE inakuwa shilingi 550,000. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani, sekta binafsi, kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa kima hicho, kibarua asile, asivae, asiugue, wala asichangie msiba wa jirani kwa karibu miezi minne, ndipo mwanawe aketi kwenye kiti na kuulizwa maswali. Kuulizwa tu. Hajapewa nafasi, hajaahidiwa ufadhili, hata jina lake hakuna profesa aliyelisoma. Amenunua ruhusa ya kushukiwa.

Na hapo GRE ni mlango wa kwanza tu. Kuna mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, nao ni malaki mengine ya shilingi. Kuna pasipoti, shilingi 150,000. Kuna ada ya maombi ambayo vyuo vingi vya Marekani hutoza kila mwombaji. Siku ya GRE unaruhusiwa kuchagua vyuo vinne vya kupelekewa alama bila malipo. Ukitaka cha tano, toa dola. Kisha saa inaanza kuhesabu: alama za IELTS na TOEFL zinahesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili, za GRE mitano. Ukikosa ufadhili mwaka huu na ujao, utarudi kulipa upya kuthibitisha Kiingereza kilekile. Je, aliyekijua mwaka juzi, na anakisoma na kukiandika kila siku kazini, amekisahau? Hapana. Kilichokwisha muda ni risiti.

Wakulima wa Kilosa wanakijua vizuri kizuizi cha ushuru wa mazao: boriti imelazwa barabarani, kijana ana kitabu cha risiti, na gunia halipiti mpaka ulilipie, ingawa hujaliuza wala hujui kama litauzika. Mtihani wa kuingilia shahada za juu ni kizuizi hichohicho kilichovaa tai. Tofauti ipo moja, nayo ni ya aibu kwa wenye tai. Mwaka 2017, baada ya wakulima kulalamika kwa miaka, serikali ilishusha viwango vya ushuru wa mazao, na mwenye mzigo usiozidi tani moja anayevuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachwa apite. Hata kizuizi cha mazao kilijifunza kumtambua mdogo. ETS, shirika la Marekani linaloendesha GRE, lina mpango wa kuwapunguzia ada wenye shida, ila mpango huo umetengenezwa kwa ajili ya raia na wakazi wa Marekani. Maskini wa Ohio anapunguziwa. Maskini wa Mabwerebwere analipa kamili.

Tuseme fedha imepatikana. Magunia ya mpunga yameuzwa wakati wa mavuno bei ikiwa chini kabisa, kikundi cha VICOBA kimekopesha kilichobaki, na mama ametia neno lake la heshima kama dhamana. Sasa kijana anaanza kupiga msuli. Atapigia wapi? Tuchukue mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, aliyerudi nyumbani baada ya kumaliza, maana ajira hakuna. Anataka kusomea umwagiliaji, kwa sababu amekulia kwenye bonde ambalo mvua ikizidi ni mafuriko na ikipungua ni njaa. Vitabu vya maandalizi ya GRE havipo dukani Kilosa. Anavyo kwenye simu, nakala chakavu zilizopita kwenye makundi ya WhatsApp, matoleo ya zamani kabla mtihani haujafupishwa mwaka 2023. Bando likiisha, somo limeisha. Na msimu haumsubiri: palizi ni palizi, ndege wa mpunga hawajali kwamba wewe una digrii, na baba hawezi kumwambia jirani kuwa mwanawe amekaa kivulini anakariri maneno ya Kiingereza huku shamba linaota magugu.

Anakariri maneno kweli. Moja ya sehemu za GRE inapima msamiati na ufahamu, na utamaduni mzima umejengeka juu yake: orodha za mamia ya maneno adimu, kadi za kukaririsha, programu za simu. Mengi hutayasikia barabarani London, wala ofisini New York, wala kwenye kitabu chochote cha umwagiliaji. Kijana anayeweza kutazama jani la mpunga na kukuambia ni ugonjwa au ni upungufu wa naitrojeni, analazimika kuuweka ujuzi huo kando miezi kadhaa ili ajifunze njia tano za kifahari za kumwita mtu bahili. Nchi yenye wataalamu wachache wa maji inamruhusu mtaalamu wake mtarajiwa apoteze msimu mzima kwenye upuuzi huo, na haioni hasara.

Siku ya mtihani ikifika, safari ni ya Dar es Salaam. Kilosa hakuna kituo, Mikumi hakuna, Morogoro mjini hakuna. Nashukuru kwa treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, yenye stesheni Kilosa. Lakini treni haianzii Mabwerebwere. Kutoka kijijini ni bodaboda, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na wenye mtihani hawajui masika ni nini. Ukichelewa, ada imekwenda. Ukifika mapema, unafikia kwa ndugu, unalala sebuleni, televisheni inawaka mpaka usiku wa manane kwa sababu nyumba si yako. Asubuhi unawekwa kwenye mizani moja na aliyelala chumbani kwake, akanywa chai kwake, na akapelekwa na dereva wa baba yake.

Atatokea mjuaji aseme: siku hizi GRE inafanyika hata nyumbani. Ni kweli, ilianzishwa mwaka 2020 wakati wa korona. Hebu tusome masharti yake. Uwe na kompyuta; simu na tableti hazikubaliki. Intaneti isiyokatika. Chumba ambacho uko peke yako, mlango umefungwa, na hakuna mtu anayeingia. Kamera imzungushie msimamizi chumba chote kabla hujaanza. Aliyeandika masharti hayo aliwahi kuiona nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane? Kijana atamfungia nani mlango, bibi? Na umeme ukikatika katikati, atampigia nani simu, ETS au TANESCO? Huo mtihani wa nyumbani uliandikwa kwa nyumba fulani, na nyumba hiyo haiko Kilosa.

Sasa tuulize swali ambalo wenye mtihani hawapendi: mnapima nini? GRE ilianza mwaka 1936, mradi wa Taasisi ya Carnegie pamoja na wakuu wa masomo ya juu wa vyuo vinne vya matajiri wa mashariki ya Marekani: Harvard, Yale, Princeton na Columbia. ETS yenyewe ilianzishwa mwaka 1947 na ikaurithi mtihani. Mwaka 2014 wanafizikia wawili wa Marekani, Casey Miller na Keivan Stassun, waliandika katika jarida la Nature kwamba alama za GRE zinafuata jinsia na rangi ya mtu kuliko zinavyotabiri nani ataimaliza shahada ya uzamivu. Hao hawakuwa wanaharakati wa mitaani. Ni watu wa maabara, wanaoishi kwa takwimu, na mtihani wanaoukosoa ni wa kwao wenyewe.

Kisha ikaja korona. Vituo vya mitihani vikafungwa, na ghafla idara nyingi za Marekani zikagundua kwamba zinaweza kuchagua wanafunzi bila GRE: zikasoma matokeo ya chuo, barua za walimu, maelezo ya mwombaji na kazi aliyoifanya. Dunia haikuanguka. Nyingi hazijaurudisha mtihani mpaka leo. Walipokwama wao, mlango ulifunguka mara moja. Tulipokwama sisi kwa miongo, tuliambiwa tujitahidi.

Idara nyingine zimepata ujanja wa katikati: zinasema GRE ni hiari. Usidanganyike na ukarimu huo. Mwenye fedha ataufanya mara mbili, tatu, kisha atapeleka alama zile nzuri na kuzificha mbaya. Asiye na fedha hatapeleka kitu, na faili lake litasomwa likiwa na pengo. Chuo kinachotaka haki kingesema hakiangalii kabisa alama hizo, ziwepo zisiwepo.

Nitoke Marekani nije Uingereza, maana huko unafiki umekomaa zaidi. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi kuthibitisha Kiingereza wanapoomba viza ya masomo. Zimo Jamaika, Guyana, Belize, hata Malta, kisiwa chenye lugha yake ya taifa. Haimo nchi hata moja ya Afrika. Si Kenya, si Uganda, si Ghana, si Nigeria iliyowapa Waingereza sehemu kubwa ya wanayoifundisha chini ya kichwa cha fasihi ya makoloni yao ya zamani. Walitutawala kwa Kiingereza, wakatuachia sheria za Kiingereza, wakauza vitabu vya Kiingereza, na tukibisha hodi wanatuuliza kama tunakijua.

Na hapa historia ya Tanzania inauma. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba kuanzia mwaka 1985 kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili, kisha lugha ipande ngazi kwa ngazi mpaka chuo kikuu. Serikali ikarudi nyuma. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walikuja kuchunguza Kiingereza cha shule zetu. Walikuta hali mbaya: wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea chochote. Mtu mwenye akili timamu angesema basi wafundishwe kwa lugha wanayoielewa. Wao wakashauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe, na fedha za Uingereza zikaja kwa mradi wa kukiimarisha.

Clive Criper huyohuyo, akiwa na mwenzake Alan Davies, aliandika ripoti iliyotoka mwaka 1988 ya kuukagua mtihani wa Kiingereza wa ELTS. Mwaka uliofuata, 1989, mtihani huo ulifanyiwa ukarabati na kupewa jina la IELTS, huu ambao mwanao anaulipia leo, na ambao British Council ni mmoja wa wamiliki wake. Sisemi ilikuwa njama. Nasema kitu kibaya zaidi ya njama: hakuna aliyeona ajabu. Daktari alisema mgonjwa asiache dawa inayomdhuru, kisha akaenda kukagua mizani ya kumpimia, na sisi tukalipa dawa na tukalipa mizani.

Matokeo ndiyo haya. Mtoto wa Mabwerebwere anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia na jiografia vinageuka Kiingereza asubuhi moja. Anakariri, maana kuelewa hakuwezekani. Anavuka kidato cha nne kwa kukariri, cha sita kwa kukariri, na akiwa chuo kikuu anaandika utafiti wake wa mwaka wa mwisho kwa Kiingereza, anautetea kwa Kiingereza, anapewa cheti kwa Kiingereza. Ameilipa lugha hiyo kwa utoto wake wote. Halafu unamwambia: leta dola nikupime kama unaijua.

Wapo watakaonijibu, na majibu yao nayajua.

Wa kwanza atasema vyeti vyenu haviaminiki. Atakumbusha kwamba mwaka 2017 ni serikali yetu wenyewe iliyotangaza watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sawa. Nani aliwakamata? Si GRE. Waliofanya kazi hiyo ni sisi, kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Cheti kikitiliwa shaka, dawa ni kukihakiki kwa aliyekitoa, kazi ambayo ni ya barua moja. Mtihani wa Kiingereza haugundui cheti feki. Unagundua tu kama mwenye cheti feki anaongea Kiingereza vizuri.

Wa pili atasema Kiingereza cha wahitimu wenu ni dhaifu kweli. Hapo simbishii, na nimekwisha kusema kwa nini. Lakini udhaifu wa lugha unatibiwa kwa kufundisha, na mtihani haufundishi. Kanuni za viza za Uingereza zinaviruhusu vyuo vikuu vyenyewe kumpima Kiingereza mwombaji wa shahada, na vipo vinavyopokea barua ya chuo cha nyumbani inayothibitisha kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Mahojiano ya nusu saa kwa intaneti yangemwonyesha profesa mengi kuliko cheti chochote: kama mwombaji anaelewa swali, kama ana hoja, kama anaweza kuitetea. Njia ipo. Wanaoikataa wamechagua ile inayomgharimu mwombaji badala ya ile inayowagharimu wao muda.

Wa tatu ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu ni ndugu yetu. Yeye ameshavuka. Alifanya GRE miaka ile, akapata alama nzuri, akasoma, akarudi, na sasa anasimulia mateso yake kama cheo. Mbona mimi niliweza, anasema. Uliweza, ndiyo, na wenzako ishirini wenye akili kama zako hawakuweza kwa sababu hawakuwa na mjomba wa kuwakopesha. Hutawaona kwenye mkutano wa wahitimu ukawauliza.

Lakini tusiwapige mawe wageni huku nyumbani kwetu tumejenga vizuizi vyetu. Mwaka 2022 Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilitoa matokeo yaliyotikisa nchi: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu 342, waliodisco 265. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Na mjadala ulipowaka, wapo waliotoa dawa wanayoifahamu: uwekwe mtihani wa kuchuja watu mlangoni. Uganda iliuweka mwaka 2011 kwa wanaotaka kuingia Law Development Centre, na wengi wakaanguka hapo hapo kwenye mlango. Mlango ukawa mwembamba. Madarasa ya vyuo yaliyowatoa yalibaki vilevile.

Jiulizeni: hao 633 wote walikuwa na shahada ya sheria iliyotolewa na vyuo vyenye ithibati. Kama watu wenye shahada hawawezi kufaulu, mwenye kosa ni aliyewapa shahada, na aliyempa huyo kibali cha kuwapa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka uliofuata vijana hawa walikuwa bado wanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7 kwa ngoma na hotuba, na Julai 8 tunarudi darasani kukariri. Taifa linalofanya hivyo halina uso wa kumlaumu Mwingereza kwa unafiki.

Kwa hiyo madai yangu nayaanzia hapa nyumbani.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inamkata mhitimu aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Ni haki yake kudai, ilikopesha. Lakini mkopeshaji mwenye busara humsaidia mdaiwa wake apate kipato kikubwa zaidi ili deni lirudi haraka. Bodi imeshatumia mamilioni kumsomesha huyu wa Mabwerebwere shahada ya kwanza; inashindwaje kumkopesha malaki ya mitihani, ikaongeza kwenye deni lilelile na kuyakata kwa asilimia ileile? Anayepata ufadhili wa nje halipiwi ada na serikali yetu hata senti. Hakuna digrii ya uzamili ya bei nafuu kwa taifa kuliko hiyo, na tunaiacha ipotee kwa kukosa nauli na ada ya mtihani.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo ina mkono. Mtanzania akirudi na shahada ya nje, TCU inamtaka aipeleke itambuliwe. Vizuri. Basi utambuzi uwe wa pande mbili. Tume iandae hati moja ya kitaifa, yenye namba inayoweza kuhakikiwa mtandaoni, inayosema mhitimu fulani wa chuo fulani alisomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Leo kila kijana anahangaika na barua yake: anapanda ngazi za ofisi ya msajili wa chuo, anaambiwa aliyetakiwa kusaini yuko semina, anarudi wiki ijayo. Barua inatoka tarehe ya mwisho ya maombi ikiwa imepita. Kitu ambacho kompyuta ingekitoa kwa dakika kinamgharimu mtu mwaka.

Kwa vyuo vya nje nina dai moja tu: acheni kumtoza mtu kabla hamjamsoma. Someni kwanza maombi yake. Mkiona anafaa, mfanyieni mahojiano. Mkibaki na shaka juu ya Kiingereza chake, mpeni nafasi ya masharti na mumpime nyie, kwa gharama yenu. Hapo ndipo tutajua kama mtihani ulikuwa wa ubora au wa mapato, kwa sababu siku chuo kitakapoulipia chenyewe, kitagundua haraka kwamba hakiuhitaji.

Na wewe kijana uliye Mabwerebwere, au Tindiga, au Kilangali, unayesoma haya kwa bando la mwisho: usilipe senti kabla ya kuuliza. Iandikie idara yenyewe barua pepe. Waulize kama GRE inatakiwa kweli, kama wanapokea barua ya chuo badala ya IELTS, kama wanasamehe ada ya maombi kwa wenye shida. Zipo zinazosamehe, ila si zote zinazotangaza. Msamaha wanaupata wanaoujua, na wanaoujua mara nyingi ni wale wasiouhitaji. Kukopa VICOBA kwa ajili ya mtihani ambao chuo hakiutaki ni kosa ambalo barua ya mistari mitano ingelizuia. Ukikataliwa, iandikie nyingine. Wao wana vyuo maelfu; wewe una muda wa jioni moja kwa kila kimoja.

Makamu wakuu wa vyuo vyetu wanasafiri kila mwaka kutia saini hati za ushirikiano na vyuo vya Ulaya na Marekani. Tunaziona picha: bendera mbili ndogo mezani, kalamu nzuri, tabasamu. Safari ijayo waongeze sentensi moja kwenye hati: mhitimu wetu hadaiwi mtihani wa lugha aliyosomea, wala hatozwi ada kabla maombi yake hayajasomwa. Mwenzao akigoma kuitia saini sentensi hiyo, basi wafunge faili, warudi nyumbani, na watueleze hadharani ni chuo gani kilichogoma. Chuo kisichowaamini wahitimu wetu hakiwezi kuwa mshirika wetu, na makamu mkuu anayeogopa kuitamka sentensi hiyo hana haki ya kumwambia kijana wa Kilosa ajitahidi zaidi.